Rekodi za Makaburi ya Wafalme: Mombasa Yaingia Ulingoni

Felipe wa Pili wa Hispania hakuwahi kuikanyaga Mombasa, lakini kazi ya enzi yake bado imesimama pembeni mwa Mji wa Kale, mawe na chokaa, ikiangalia bahari. Tangu 1580 alikuwa pia mfalme wa Ureno, na ni chini ya taji lake Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ngome ilikamilika 1596. Mwaka 1598 Felipe akafariki, akazikwa chini ya kanisa la monasteri aliyoijenga mwenyewe karibu na Madrid. Nao Mazrui, waliokuja kuitawala Mombasa wakiwa ndani ya Ngome hiyo hiyo, wana makaburi ya ukoo wao hatua chache kutoka ukutani mwake, juani, chini ya anga.

Basi tuwashindanishe. Tuwaite na wengine wote: mafarao, makabaka, masultani, wafalme wa China na Ethiopia. Nani kazikwa kwa fahari zaidi? Nani kalala chini zaidi, nani kasubiri zaidi, nani kasafiri mbali zaidi? Vipimo ni vya kwetu: kisiwa cha Mombasa chenye takriban kilomita 14 za mraba, wakazi 154,171 wa Mvita kwa sensa ya 2019, eneo la Ngome lenye hekta 2.36 pamoja na handaki lake, reli ya SGR ya kilomita 472 hadi Nairobi, na matatu ya abiria 14.

1. Chumba cha fahari kuliko vyote: El Escorial, Hispania

Ngome ya Yesu ilichukua miaka 3. El Escorial ya Felipe, ambayo ni jumba la kifalme, monasteri na kanisa kwa pamoja, ilichukua miaka 21, kuanzia 1563 hadi 1584. Ina urefu wa mita 207 na upana wa mita 161, yaani zaidi ya hekta 3.3. Ukiichukua Ngome yetu na handaki lake lote ukaiweka juu yake, bado patabaki nafasi ya kiwanja cha mpira.

Chini kabisa, mkabala na altare kuu iliyo juu, kuna chumba chenye pembe nane kilichokamilika mwaka 1654. Humo mna majeneza 26 ya marumaru yenye mapambo ya shaba iliyopakwa dhahabu, yamepangwa ukutani kama makabati. Wapakie wote kwenye matatu mbili na viti viwili tu vitabaki wazi. Na nafasi zote 26 zimeshapata wenyewe! Mfalme wa baadaye wa Hispania itabidi atafutiwe mahali pengine.

Escorial inashikilia pia rekodi ya uvumilivu. Maiti haiingii moja kwa moja kwenye chumba cha marumaru. Kwanza hufungiwa katika chumba kidogo cha pembeni kwa miongo kadhaa, mpaka ibaki mifupa mitupu, ndipo ihamishiwe kwenye jeneza lake. Mji wa Kale maiti husaliwa na kuzikwa siku hiyo hiyo au inayofuata. Kwa mbio, Mombasa inaongoza kwa miongo.

Na jambo hili linastahili kuandikwa kwa wino mzito: tangu 1885 monasteri ya Escorial iko mikononi mwa watawa wa shirika la Mtakatifu Augustino. Waagustino ndio waliokuwa na nyumba ya watawa Mombasa tangu 1597. Mombasa, basi, ilikuwa na mfalme yule yule, watawa wale wale, na kanisa lao. Kilichokosekana ni chumba cha chini chenye wafalme. Kwa nini kilikosekana? Jibu liko kwenye namba 3.

2. Familia kubwa zaidi chini ya kanisa moja: Vienna, Austria

Kwa idadi, Escorial inapigwa vibaya. Chini ya kanisa la watawa Wakapuchini jijini Vienna wamelala watu karibu 150 wa ukoo wa Habsburg, 12 kati yao wakiwa wafalme wakuu wa dola. Hao wanahitaji matatu 11. Mpango wa kuwazika hapo ulianzishwa na Malkia Anna mwaka 1618, na maziko ya kwanza yalikuwa 1633, wakati Ngome yetu ilikuwa na umri wa miaka 37.

Jeneza linaloshinda mengine yote kwa ukubwa humo ni la Maria Theresia na mumewe, la watu wawili kwa pamoja, kubwa kama kitanda cha kifalme na kuzungukwa na sanamu. Mama huyo alizaa watoto 16. Yeye na watoto wake peke yao wangeijaza matatu na watatu wakabaki stejini.

Habsburg walikuwa na desturi moja iliyowapa rekodi ya ajabu: kugawa mwili. Jeneza kwa Wakapuchini, moyo kwenye kanisa la Waagustino (mioyo 54 imehifadhiwa humo ndani ya vyombo vya fedha), na matumbo kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Stefano. Makanisa yote matatu yako katikati ya Vienna, mwendo wa miguu wa dakika chache tu. Ungedhani hakuna anayeweza kuwapiku kwa kutawanywa.

3. Mfalme aliyetawanywa mbali zaidi: Hasan bin Ahmad, Mombasa

Anaweza, na ni wa kwetu. Baada ya kuiteka Mombasa, Wareno walimleta hapa Shehe wa Malindi, rafiki yao wa siku nyingi, awe mfalme wa kisiwa. Hasan bin Ahmad alikuwa wa ukoo huo. Alipokosana na kapteni wa Ngome alikimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa kwa hila za Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa, India. Kutoka Mombasa hadi Goa ni zaidi ya kilomita 4,000, kama safari nane na nusu za SGR zikiunganishwa. Vienna haifui dafu.

Mwanawe, Yusuf, alichukuliwa akiwa mdogo akapelekwa Goa huko huko, akalelewa na Waagustino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia. Alirudishwa Mombasa kuwa mfalme mwaka 1626. Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa kwa mkono wake, kisha akarudi kwenye Uislamu. Wareno wa kisiwani wakauawa, na watawa Waagustino pamoja nao. Ndiyo maana Mombasa haina chumba cha wafalme chini ya kanisa la watawa: mfalme wa pekee aliyelelewa na watawa hao ndiye aliyeifuta nyumba yao. Mwaka uliofuata aliihama Mombasa akawa nahodha wa baharini, akafa 1638 pande za Bahari ya Shamu. Baba na mwana, wafalme wawili wa Mombasa, na hakuna mmoja aliyelala kisiwani mzima.

4. Kubwa kuliko yote duniani: Qin Shi Huang, China

Hapa hakuna mashindano. Makaburi ya mfalme wa kwanza wa China iliyounganishwa, aliyefariki 210 KK, yamekadiriwa kuenea kwenye kilomita 56 za mraba. Hivyo ni visiwa vinne vya Mombasa! Kuanzia Ngome hadi Makupa, kuanzia Tudor hadi Kilindini, mara nne, kwa ajili ya mtu mmoja.

Mwanahistoria wa kale wa Kichina, Sima Qian, aliandika kwamba watu 700,000 walitumwa kuifanya kazi hiyo. Ukiwatoa wakazi wote wa Mvita majumbani mwao, wazee na wachanga, ungehitaji Mvita nne na nusu kufikisha idadi hiyo. Wanajeshi wa udongo waliozikwa kumlinda wanakadiriwa kufika 8,000, na waligunduliwa mwaka 1974 na wakulima waliokuwa wakichimba kisima. Chumba chenyewe cha mfalme hakijafunguliwa hadi leo.

5. Zito kuliko yote: Piramidi ya Khufu, Misri

Mita 146 kwenda juu ilipokuwa mpya. Kitako chake ni hekta 5.3, zaidi ya mara mbili ya eneo lote la Ngome. Mawe yapata milioni 2.3, kila moja likikadiriwa kuwa na tani mbili na nusu kwa wastani. Yagawe kwa wakazi wa Mvita: kila mtu anapata mawe 14, na mengine yanabaki. Sijui nani angeyabeba.

6. La chini kuliko yote: Hatshepsut, Misri

Ngome ina kisima kilichochimbwa kwenye jabali la matumbawe, karibu mita 23 kwenda chini. Ukichungulia humo kizunguzungu kinakushika. Sasa chukua kina hicho mara nne, kisha ongeza kidogo: hapo ndipo alipochimbiwa Malkia Hatshepsut, farao mwanamke aliyetuma majahazi nchi ya Punt kuleta ubani. Njia ya kaburi lake katika Bonde la Wafalme inapinda ndani ya mlima kwa zaidi ya mita 200, ikishuka hadi karibu mita 97 chini ya mlango. Ilichimbwa kwa patasi za shaba na mwanga wa tambi, karne ya 15 KK. Katika orodha hii yote ndiyo kazi ninayoistaajabia zaidi, kuliko hata piramidi. Piramidi ilijengwa mchana, kila mtu akiona.

7. La kale kuliko yote: Mtoto wa Panga ya Saidi, Kilifi

Huyu hakuwa mfalme. Alikuwa na umri wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, na watafiti walimpa jina moja tu: Mtoto. Lakini maziko yake yana takriban miaka 78,000, na ndiyo ya kale zaidi ya binadamu wa sasa yaliyogunduliwa barani Afrika. Wafalme wote wapishe!

Pango la Panga ya Saidi liko Kilifi, kaunti jirani, kilomita 15 hivi kutoka pwani. Shimo lilichimbwa makusudi, mtoto akalazwa kwa ubavu, miguu imekunjwa kifuani. Namna mifupa ya shingo ilivyokaa inaonyesha kwamba kichwa kiliegemezwa juu ya kitu laini kilichooza baadaye: mto. Mifupa ilikuwa dhaifu kiasi kwamba ilibidi ipakwe plasta pamoja na udongo wake, ipelekwe Nairobi, kisha Burgos nchini Hispania kuchunguzwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.

Piramidi ya Khufu ina miaka 4,500 hivi. Mtoto anaizidi mara 17. Na kama unataka kaburi la pwani lililoandikwa tarehe yake kwenye mawe, panda gari hadi Gedi: kuna moja la mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Lilikuwa na umri wa miaka 234 siku Vienna ilipozika mtu wake wa kwanza chini ya Wakapuchini.

8. Paa kubwa la nyasi juu ya wafalme: Kasubi, Uganda

Marumaru haihitajiki kushinda. Juu ya kilima cha Kasubi jijini Kampala kuna nyumba ya mviringo iitwayo Muzibu Azaala Mpanga, ya miti, matete na nyasi, yenye kipenyo cha mita 31 kwa nje. Panga mabasi mawili na nusu ya mita 12, kichwa kwa mkia: ndio upana wake. Ndani, dari linapanda hadi mita 7.5, na chini ya paa kuna pete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda.

Makabaka wanne wako humo nyuma ya pazia la magome ya mti: Mutesa wa Kwanza, aliyeijenga kama kasri mwaka 1882 na kuzikwa 1884, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili, na Mutesa wa Pili. Wawili walirudishwa kutoka ng'ambo. Mwanga alifia Shelisheli uhamishoni mwaka 1903 akarejeshwa 1910. Mutesa wa Pili alifia London 1969, akaletwa nyumbani 1971.

Machi 16, 2010 nyumba iliteketea. Baganda hawakuiacha ikawa majivu. Waliijenga upya kwa nyasi na matete kama ilivyokuwa, na mwaka 2023 UNESCO ikaitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Katika rekodi ya kufufuka hakuna wa kuigusa Kasubi.

9. Utawala mfupi kuliko wote: Khalid bin Barghash, aliyefia Mombasa

Agosti 25, 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini wa Zanzibar alifariki, na Khalid akaingia jumbani kujitawaza bila ridhaa ya Waingereza. Agosti 27 saa tatu asubuhi muda aliopewa kuondoka ukaisha, na mizinga ya manowari ikaanza. Vita vilikwisha baada ya dakika 38 hivi. Wanaovikadiria virefu wanasema 45. Hata kwa hesabu hiyo ya juu, ni kipindi cha kwanza cha mpira bila dakika za nyongeza. Ndivyo vita vifupi kuliko vyote katika historia, na upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa.

Siku mbili za usultani, kisha zaidi ya miaka 30 ya kuwa sultani wa zamani. Alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akaishi Dar es Salaam, Waingereza wakamkamata 1916 wakampeleka Shelisheli na Saint Helena, kisiwa kile kile alichofungwa Napoleon. Mwishowe aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, na alifia hapa Mombasa mwaka 1927. Wakati huo Zanzibar ilikuwa na Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960. Miaka 49 dhidi ya siku mbili!

10. Aliyesubiri maziko yake rasmi zaidi: Haile Selassie, Ethiopia

Kama unakitafuta kwetu Afrika Mashariki kile chumba cha wafalme chini ya kanisa la monasteri, nenda Addis Ababa, kwenye kanisa la Ba'eta. Chini ya sakafu yake wamo Menelik wa Pili, mkewe Taytu na binti yake Zewditu, ndani ya majeneza ya mawe. Ni wachache, lakini ni washindi wa vita vya Adwa, na Malkia aliyetawala nchi nzima kwa jina lake mwenyewe.

Ni hapo pia mabaki ya Haile Selassie yalipohifadhiwa kwa miaka. Alifariki Agosti 1975 mikononi mwa wanajeshi waliompindua, akafukiwa kwa siri ndani ya uwanja wa kasri, akafukuliwa 1992, na hakuzikwa rasmi mpaka Novemba 2000 katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu. Miaka 25. Mtoto aliyezaliwa siku ya kifo chake angekuwa ameshamaliza chuo kikuu.

11. Aliyelala mbali zaidi na kwao: Salme binti Said

Sultani Seyyid Said, aliyeitwaa Mombasa kutoka kwa Mazrui mwaka 1837, alifia baharini karibu na Shelisheli Oktoba 1856, na mwili ukaletwa Unguja. Kaburi lake Mji Mkongwe lilianza kujengewa jengo la heshima, lakini Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi wenye msimamo wakapinga fahari hiyo juu ya maiti, na kazi ikaachwa njiani.

Binti yake Salme alienda mbali zaidi. Aliolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, akafariki Jena mwaka 1924 na kuzikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf. Ohlsdorf ina hekta 389, zaidi ya robo ya kisiwa chote cha Mombasa, na ni miongoni mwa makaburi makubwa kabisa duniani. Pamoja naye kulizikwa kifuko cha mchanga wa Zanzibar alichokaa nacho maisha yake yote ya ugenini.

12. Karibu na kiti cha enzi, na bado watu huzikwa humo: makaburi ya Mazrui, Mombasa

Sasa zamu ya wenyeji. Felipe amelala kilomita 45 hivi kutoka katikati ya Madrid. Qin alizikwa nje ya mji wake. Mazrui wamo Mji wa Kale penyewe, jirani na Ngome waliyoitawalia Mombasa kwa takriban karne moja. Hakuna marumaru, hakuna dhahabu. Ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, kwa sababu dini yao haikutaka kaburi lishindane na nyumba. Kwa ukaribu wa kaburi na kiti, ni wachache wa kuwashinda katika orodha hii.

Ukoo huu ulijua pia kupoteza. Seyyid Said alipoitwaa Ngome mwaka 1837, wakubwa wao, akiwamo liwali wa mwisho Rashid bin Salim, walikamatwa na kusafirishwa hadi Bandar Abbas, na wengi wakafia huko.

Lakini makaburi hayakufungwa. Vienna ilimzika Otto von Habsburg, mrithi wa kiti kilichokwisha kuvunjwa, Julai 2011. Mombasa ikajibu miaka mitatu baadaye. Profesa Ali Mazrui, mwana wa Kadhi Mkuu Sheikh al-Amin, aliyezaliwa hapa 1933 na kuifahamisha dunia urithi wa Afrika wa pande tatu kupitia televisheni mwaka 1986, alifariki katika jimbo la New York, Oktoba 12, 2014. Alikuwa ameusia azikwe Mombasa. Mwili ulivuka karibu kilomita 12,000, sawa na safari 25 za SGR, karibu mara tatu ya safari ya kichwa cha Hasan bin Ahmad, na ndani ya wiki moja ukawa umeshalazwa miongoni mwa jamaa zake, Ngome ikiwa pembeni.